UZI: Nyimbo za ndugu zetu waliopigana vita. Namna ya kuzikusanya, kuzirekodi na kuziimba siku ya kumbukumbu (Iringa, Njombe, Mbeya)

#1 MwanaLugalo

Wakuu, kamwene.

Msimu wa kumbukumbu ndio huu. Mahindi yameshavunwa, barabara zimekauka, koo nyingi huku Nyanda za Juu zinajengea makaburi ya wazee wao, na Julai 25 ni Siku ya Mashujaa. Karibu kila ukoo una mtu aliyekwenda vitani: babu aliyebebeshwa mizigo mwaka 1917, babu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika) aliyefika Bama (Burma, sasa Myanmar), baba au mjomba wa vita ya Kagera. Picha nyingi zimeliwa na mchwa, vyeti vimepotea, na wapagazi wengi wa vita ya kwanza hawakuandikwa jina popote. Kilichobaki ni nyimbo, na wanaozijua wanaondoka. Kijana aliyekuwa na miaka 22 alipovuka mpaka wa Uganda pale Mutukula mwaka 1979 leo anaukaribia umri wa miaka 70.

Msimamo wangu ni huu: mpiganaji asikumbukwe kwa wimbo wowote wa huzuni uliopo kwenye flashi ya MC. Akumbukwe kwa wimbo aliouimba yeye, kwa mwendo ule ule. Nyimbo ambazo mtu alizisikia kati ya miaka 10 na 30 hivi ndizo zinazokaa naye zaidi, na ndizo mara nyingi zinabaki hata kwa mzee ambaye ugonjwa wa kusahau umeshamwondolea majina ya wajukuu. Huo ndio umri wa kuvaa gwanda. Wimbo wa kwata tena uliingia pamoja na hatua za miguu na pumzi, si maneno peke yake, kwa hiyo ukimrudishia mwendo, maneno yanafuata.

Ukienda kwa mzee usimwambie "tuimbie wimbo wa vita". Ombi hilo linamfunga. Muulize shughuli: asubuhi mkitoka kukimbia, nani alikuwa anaanzisha? Mkipakiwa kwenye lori mliimba nini? Siku mnarudi mlipokelewa na wimbo gani? Na usiende peke yako. Nyimbo hizi zina mwanzilishi na waitikiaji, na mwanzilishi anavuta pumzi wakati wenzake wanaitikia. Mzee akiimba peke yake atakwama mstari wa tatu, familia itasema kasahau, kumbe hana wa kumpokea. Chukua watu watatu, wafundishe kiitikio kwanza, hata kama ni neno moja, ndipo umpe nafasi aanzishe. Mwache aimbe mara mbili. Mara ya pili ndiyo beti zilizojificha zinatoka.

Usimsahihishe. Akisema jina la mji wa Bama au Uganda kwa matamshi yake, liandike hivyo hivyo, kisha pembeni andika unadhani ni wapi.

Sasa majina ya mahali, maana hapo ndipo wimbo unapokuwa hati ya familia. Ukisikia Silani au Seiloni, halafu Tamu, Kalewa au Chindwini, unaelekezwa kwenye Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki: walifanya mazoezi Ceylon (sasa Sri Lanka), wakaingia Bama mwaka 1944, wakateremka bonde la Kabaw kwenye mvua za masika ya kule na kuichukua Kalewa mwezi Desemba. Akitaja namba, iandike haraka, kwa sababu batalioni za KAR za Tanganyika kwenye divisheni hiyo zilikuwa ya 26 na ya 36. Diego au Tananarivu ni Madagaska, 1942. Gonda ni Abisinia (Ethiopia), 1941.

Kagera mpangilio wake uko wazi zaidi: Mutukula Januari 1979, Masaka na Mbarara mwishoni mwa Februari, Lukaya Machi 10 na 11, Entebbe mwanzoni mwa Aprili, Kampala Aprili 11, Jinja Aprili 22, kisha Arua na mpaka wa Sudan mwanzoni mwa Juni. Brigedi hazikupita njia moja, kwa hiyo wimbo unaotaja Mbarara na unaotaja Masaka na Lukaya vinaweza kuwa vya watu waliopita njia tofauti.

Vita ya kwanza ni ngumu zaidi kwa sababu wimbo umepita vinywa vitatu au vinne. Tabora ni Septemba 1916, Mahiwa Oktoba 1917, na Abercorn, ambayo sasa ni Mbala ya Zambia, ndiko von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani, alikosalimu amri Novemba 25, 1918. Kabla ya hapo jeshi lake lilipita Songea na Ubena, na ndiyo maana nyimbo za Njombe za wakati ule zina njaa na kukimbilia porini kuliko bunduki.

Tahadhari moja: jina la mahali peke yake si ushahidi. Nyimbo za Kagera zilifundishwa JKT na mgambo miaka mingi baada ya vita. Muulize kila mara nani alimfundisha, wapi, na kama wenzake walikuwa wanaitikia wakiwa na silaha au na majembe.

Karibuni tuendelee. Naomba mafundi wa sauti na watu wa matarumbeta wasipite kimya.

#2 MakambakoUpepo

Kamwene mkuu, ahsante kwa uzi. Swali: mzee akiwa amebakiwa na mdundo tu, anapiga mguu na kuguna bila maneno, kuna njia ya kuyarudisha maneno? Na kurekodi kwa simu ya kawaida inatosha?

#3 MwanaLugalo

@MakambakoUpepo anzia kwenye huo mguu. Hesabu hatua zake kwa dakika moja. Zikiwa kati ya 116 na 120, ni gwaride la mwendo wa haraka. Zikiwa 150 na kuendelea, ni mchakamchaka. Zikiwa kama 65, ni mwendo wa pole, na huo mara nyingi ni wa mazishi au wa heshima. Ukishajua, watu wapige makofi kwa kasi hiyo hiyo dakika mbili tatu bila kuimba, yeye akiwa katikati. Asipotoa neno, mwimbieni mstari wa kwanza wa wimbo wowote wa kwata wenye kasi hiyo. Atakataa, "sio huo", na katika kuukataa atatoa wake.

Kosa linaloua nyimbo hizi ni kwaya kuzichukua na kuzipunguza kasi ziwe za majonzi. Wimbo wa hatua 155 ukiimbwa kwa 80 hautambuliki hata na aliyeuimba miaka mitatu. Anasikiliza kwa adabu, anapiga makofi, basi.

Ya simu namwachia fundi.

#4 FundiKaseti_Mby

Habari zenu wakuu. Simu inatosha kabisa, ila watu wanaitumia vibaya.

Usirekodi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Ule umebanwa sana kwa ajili ya maongezi, ukiurudisha kwenye spika kubwa ngoma inakuwa kama kelele za bati. Tumia programu ya kurekodi inayotoa faili la WAV (sauti isiyobanwa), 44.1 au 48 kHz. Dakika moja ya WAV ya pande mbili inakula karibu MB 10, kwa hiyo saa nzima ni zaidi ya MB 600. Futa video zako kwanza. Ukitaka kumtumia ndugu aliye Dar, itume kama hati, si kama sauti.

Weka simu kwenye hali ya ndege. Iweke juu ya kanga iliyokunjwa mara nne, si juu ya meza tupu, maana mzee akigonga meza kwa kidole inasikika kama mlango umebamizwa. Umbali kutoka mdomoni ni sentimita 40 hadi 60, pembeni kidogo, ili pumzi isipige maikrofoni moja kwa moja. Kukiwa na ngoma, rudi mita 3 au 4 na uinue simu usawa wa kifua. Angalia mshale wa sauti: usigonge mwisho, uchezee kwenye desibeli -12 hivi. Rekodi nusu dakika, sikiliza kwa hedifoni, ndipo uanze.

Chumba: cha kulala chenye godoro na mablanketi ni bora kuliko sebule. Mvua kwenye bati huwezi kuiondoa baadaye kwa programu yoyote, kwa hiyo Tukuyu na Rungwe rekodi asubuhi mapema kabla mawingu hayajafunga. Makambako na Wanging'ombe tatizo ni upepo: fungeni madirisha, au fungeni soksi safi ya pamba kwenye maikrofoni ya simu mkiwa nje.

Mwanzoni mwa kila faili tamka kwa sauti: tarehe, kijiji, jina la mwimbaji, lugha, na ni wimbo wa nini. Jina la faili hubadilika na kupotea, sauti haipotei.

Kaseti naja nazo kwenye posti nyingine, zina mambo mengi.

#5 Ndaga_Fijo

Ugonile mwe bose. MwanaLugalo umeandika vizuri, ila uzi wote ni wa wanaume, na hapo mnaacha nusu ya nyimbo.

Aliyekwenda Bama au Uganda aliimba nyimbo za kikosi, na zile zilikuwa za wote. Jina lake yeye, jina la mama yake, ng'ombe wake, msichana aliyemwachia, hayo yako kwenye nyimbo za waliobaki: nyimbo za kutwanga na kusaga, za kubembeleza mtoto, na maombolezo. Huku Unyakyusa mlio wa msiba ulitaja jina na ukoo wa marehemu moja kwa moja, na ngoma za mazishi zamani zilikuwa na uchezaji wa kivita, vijana wakiwa na mikuki. Kwa hiyo kumwimbia mpiganaji kwa ngoma msibani si jambo geni lililoletwa na jeshi la serikali.

Mbinu ya kuwapata akina bibi ni tofauti na ya wazee wa kikosi. Bibi ukimkalisha kwenye kiti na kumwekea simu mbele atakuimbia wimbo wa kanisani. Mpe kazi. Mahindi kidogo kwenye kinu, kilo mbili zinatosha, na mtwangaji mwenzake wa rika lake. Mchi ndio unaoita wimbo. Simu iwe mita 2 kutoka kwenye kinu, juu ya stuli na si chini, kwa sababu mtikisiko unapita ardhini. Usimuulize kuhusu vita wakati anatwanga. Muulize baada ya kupumzika: huu mliimba nani alipokuwa hayupo?

Nyimbo za kumsubiri mtu asiyerudi zina hatari yake. Mara nyingine zinataja mke aliyeolewa na mwingine, au mtoto aliyezaliwa wakati baba yuko mbali. Sikilizeni kwanza wawili watatu kabla ya kuzipiga mbele ya ukoo mzima.

#6 Binti_Ludewa

Habari wakuu. Kwa sisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, kumbukumbu ya askari iko ndani ya ngoma ya mganda, na wengi wanaucheza bila kujua walichokishika.

Mganda na malipenga vilitokana na bendi za jeshi na kwata ya wakati wa vita ya kwanza. Waliotumika na KAR na wapagazi walirudi na mistari, vyeo, filimbi na mlio wa matarumbeta, lakini tarumbeta hawakuwa nalo, wakatengeneza la kibuyu. Beni ya pwani, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, nayo ilisambaa bara kwa njia hizo hizo, na vyama vyake vya Marini na Arinoti vilijipa vyeo vya kijeshi.

Lipenga, yaani tarumbeta hilo la kibuyu, linatengenezwa hivi. Chagua kibuyu kirefu kilichokauka kabisa, kisicho na ufa. Kata ncha, toa mbegu na utando wa ndani kwa fito, osha kwa mchanga na maji, kausha tena kivulini, kwa sababu jua kali hupasua. Toboa tundu la kuimbia ubavuni, na karibu nalo tundu dogo lenye upana wa kidole kidogo. Hilo dogo linafunikwa na utando mweupe wa kifuko cha mayai ya buibui, ule unaobandikwa ukutani. Ubandue taratibu kwa wembe, utandaze bila kuuvuta hadi uwe kama ngozi ya ngoma, ushike kwa nta pembezoni. Ukiukaza sana haulii, ukiulegeza unakoroma. Asiyepata utando anatumia nailoni nyembamba ya mfuko. Inalia, ila kwa ukali, na ikipata unyevu wa pumzi inashikana baada ya nyimbo chache.

Hoja yangu kwa uzi huu: mchezaji haupigi wimbo kwa kupuliza, anauimba ndani ya kibuyu. Maneno yapo, ila utando unayameza na msikilizaji anabaki na mlio tu. Ukirekodi mganda uwanjani peke yake umepata nusu. Kabla au baada ya uwanja, mchukue kiongozi na wenzake wawili, waimbe nyimbo zile zile bila malipenga. Hapo ndipo utakuta majina ya watu na ya meli, na safari ambazo hakuna anayezikumbuka. Na ngoma kubwa irekodi kando dakika mbili, maana mpigaji wake ndiye mwenye amri za kugeuka na kusimama.

#7 MakambakoUpepo

Dada @Binti_Ludewa ubarikiwe, hili la kuimba bila kibuyu sikuwahi kuliona limeandikwa popote. Wahehe nao wana chombo cha namna hiyo cha nyimbo za vita?

#8 MwanaLugalo

Cha namna hiyo hapana. Kihehe kuna ligombo: ubao uliochimbwa bonde, uzi mmoja ukapitishwa kwenda na kurudi mara kadhaa juu yake, na chini kibuyu cha kukuza sauti. Ndicho kilichobeba tenzi za Mkwawa, mtawala wa Wahehe, na za vita ya Lugalo dhidi ya Wajerumani ya Agosti 17, 1891. Ni chombo cha mtu mmoja na msikilizaji wa karibu, kwa hiyo kwenye mkusanyiko mkubwa kinamezwa. Ukimpata mpigaji, mweke ndani ya nyumba usiku, watu ishirini, si uwanjani. Na msimlazimishe aanze na Mkwawa. Mpigaji wa ligombo anapanda kwa vizazi, akifika kwenye jina la babu yenu mtamsikia.

#9 FundiKaseti_Mby

Nimerudi na kaseti, maana ndani ya makabati ya huku kuna mazishi, mapokezi ya askari na vipindi vya Radio Tanzania vilivyorekodiwa miaka ya 70 na 80.

Kwanza, kabla hujaitia kaseti kwenye redio, vunja vile vipande viwili vya plastiki mgongoni ili isiweze kurekodiwa juu. Kaseti ngapi za wazee zimefutwa na mtoto aliyebonyeza kitufe chekundu!

Angalia ndani kwa mwanga. Ukiona vumbi jeupe kwenye mkanda, ni ukungu, na Kyela na Rungwe ni wa kawaida. Usiipige. Ukungu unahamia kwenye hedi na kutoka hapo kwenye kaseti nyingine zote. Iache mahali pakavu pasipo jua siku kadhaa hadi ukungu uwe unga, fungua skrubu tano, panguza mkanda kwa kitambaa laini kikavu huku ukiuzungusha pole pole, na ufunge pua yako. Kaseti isiyo na skrubu, iliyogandishwa, inabidi uipasue ganda kwa wembe na kuhamishia mkanda kwenye ganda la kaseti nyingine yenye skrubu. Kile kisponji kidogo cha kukandamiza mkanda kikiwa kimeanguka, sauti inafifia na kurudi. Usitafute tatizo kwingine, hamisha ganda.

Mkanda uliokatika unaungwa kwa utepe maalumu wa kuungia mikanda, upande wa nyuma. Selotepu ya dukani gundi yake inatoka pembeni na kugandisha mizunguko ya jirani.

Safisha hedi na roli ya mpira kwa spiriti safi na pamba, kila baada ya kaseti mbili tatu. Peleka kaseti mbele hadi mwisho na urudishe mara moja bila kusikiliza, ili mkanda ulegee. Sauti ikiwa nzito, kama mtu anaongea akiwa amefunikwa blanketi, kuna skrubu ndogo ubavuni mwa hedi: izungushe taratibu, robo duara tu huku na huku, hadi herufi "s" zisikike. Ukimaliza irudishe ilipokuwa.

Halafu kasi, na hapa familia nyingi zinaumia. Watoto wanasikia sauti ya baba yao aliyefariki na kusema "huyu siye". Mara nyingi ndiye. Redio iliyomrekodi ilikuwa na betri dhaifu, mota ikazunguka polepole, na sasa ukiipiga kwa mota nzima sauti inakimbia na kuwa nyembamba ya kitoto. Au ni redio yako ndiyo mbovu: belti imelegea, kila kitu kinaburuta. Jaribu kwanza kwa kaseti ya dukani ya wimbo unaoujua. Kama ile iko sawa, tatizo liko kwenye rekodi.

Hamishia kwenye kompyuta kwa waya kutoka tundu la hedifoni la redio hadi tundu la kuingizia sauti, sauti ya redio ikiwa nusu. Tumia Audacity, ni ya bure. Tumia amri ya kubadili kasi, ile inayogeuza mwendo na wembamba wa sauti kwa pamoja. Usibadili kimoja kimoja. Pa kulinganishia ni kipande chochote cha redio kilichonaswa kwenye kaseti hiyo hiyo: wimbo wa bendi unaopatikana hadi leo, au Wimbo wa Taifa uliopigwa na bendi. Kama betri zilikuwa zinaisha wakati wa kurekodi, kosa linaongezeka kadiri kaseti inavyoendelea, kwa hiyo igawe vipande vya dakika tano na kila kimoja ukipime peke yake.

Kelele za mkanda zipunguze kidogo tu. Ukizifuta zote unafuta pumzi ya mtu. Faili la kwanza, chafu, lihifadhi bila kuligusa, nakala tatu katika nyumba mbili tofauti. Flashi peke yake si ghala.

#10 Kinanda_Rungwe

Bwana asifiwe wakuu. Mimi naongelea kaburini.

Kwenye Siku ya Mashujaa mnaona utaratibu: buruji ya Last Post (ya kuaga), ukimya, buruji ya Reveille (ya kuamsha), kisha mkuki na ngao, sime, shada la maua, upinde na mshale, shoka. Familia zinaomba kikundi cha matarumbeta cha kanisa kipige buruji kwa mzee wao, na huku Moravian na KKKT vikundi hivyo havikosekani. Inawezekana. Buruji ya jeshi haina vibonyezo, inatumia sauti chache za asili za bomba, kwa hiyo mpiga tarumbeta la kawaida la B-flati anaipiga yote bila kubonyeza chochote. Akianza kubonyeza, amekosea noti.

Kinachoharibika ni baridi. Saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa saba Njombe, Makete au Mufindi, chuma kinashusha sauti na midomo inakufa ganzi. Mpigaji apulize hewa ya moto ndani ya bomba bila kutoa mlio kwa dakika tano, kipande cha mdomoni akiweke mfukoni hadi dakika ya mwisho, na asile kitu kikavu kabla. Ile noti ndefu ya juu ikipasuka, asirudie, aendelee.

Asimame mita 15 au 20 kutoka kaburini, juu kidogo kama kuna mteremko, asielekeze mdomo mpana wa tarumbeta kwa wafiwa. Ukimya ni dakika moja kwa saa, si kwa kukadiria. Na lazima Reveille ifuate. Nyingi zinaishia Last Post, na watu wanaondoka hawajaambiwa kwamba kuna kuamka.

Familia isivae sare za jeshi wala kofia zenye nembo, hata kama zilikuwa za marehemu. Ni kosa kisheria. Medali zake ziwekwe kwenye kitambaa juu ya meza. Kama marehemu alikuwa askari na mnataka jeshi lishiriki, anzieni kwa mshauri wa mgambo wa wilaya mapema, si juzi ya siku yenyewe.

#11 Mlutheri_Kidugala

Naomba nitofautiane kidogo. Nyimbo za kumtukana adui, za kuua na kujisifu, zinaingiaje kwenye ibada ya kumbukumbu? Nyingine za Kagera zina matusi ya wazi kwa Amin. Mchungaji atakaa wapi?

#12 Ndaga_Fijo

Zisiingie kwenye ibada. Ibada iwe na tenzi zake, na nyimbo za kikosi ziwe jioni nyumbani, baada ya chakula, watoto wadogo wakiwa wameshalala kama maneno ni makali. Ila msizifute kwenye rekodi. Kijana wa miaka ishirini aliyeimba matusi yale alikuwa anaenda kufa, na wimbo ulikuwa unamvusha. Ukibakiza beti za adabu tu, umetengeneza mtu mwingine na kumpa jina la babu.

#13 Muuguzi_Njombe

Niongeze jambo ambalo bado halijaguswa. Wimbo unaomfurahisha mzee mmoja unaweza kumrudisha mwingine kwenye handaki. Kumbukumbu ya vita huamshwa na sauti kwa haraka sana, hata baada ya miaka arobaini.

Anzeni na nyimbo za mafunzo na za kurudi nyumbani, si za mapigano. Iwe mchana. Sauti ianze chini, ipande polepole. Mzee akae anapouona mlango, na ngoma isipigwe nyuma yake. Fataki na baruti za kienyeji hapana kabisa. Kabla ya kuanza mwambieni kitakachopigwa, na mmoja wa familia awe na kazi moja tu, kumtazama.

Dalili za kusimamisha: anakodoa macho pasipo kuangalia mtu, pumzi fupi za haraka, jasho la viganja, anaanza kuita majina ya watu ambao hawapo, au anainama ghafla. Zimeni muziki, msiupunguze tu. Asiguswe kwa nyuma. Mwiteni kwa jina lake, mwambieni yuko wapi, siku gani, nani yuko naye. Mpeni maji, mtoeni nje kwenye hewa. Machozi peke yake si dalili mbaya, mwacheni alie. Ila kama usiku unaofuata halali, anaota na kupiga kelele, na hali inaendelea zaidi ya wiki chache, apelekwe hospitali yenye kliniki ya afya ya akili. Hospitali za rufaa za mikoa ndizo pa kuanzia. Hakuna aibu katika hilo.

Kwa mwenye ugonjwa wa kusahau, vipindi vifupi: dakika 15 hadi 20, nyimbo tatu au nne, saa zile zile za siku. Redio inayocheza kutwa nzima haimsaidii, inamchosha.

#14 MakambakoUpepo

Shukrani sana @Muuguzi_Njombe. La mwisho kutoka kwangu: kama ukoo hauna mwimbaji aliye hai kabisa, kuna pa kutafuta?

#15 MwanaLugalo

Pako. Hugh Tracey alirekodi Tanganyika mwaka 1950 na 1952, na kanda zake ziko kwenye maktaba ya muziki wa Afrika, ILAM, mjini Makhanda, Afrika Kusini. Berlin kuna Phonogramm-Archiv, iliyoanzishwa 1900, yenye mitungi ya nta iliyorekodiwa huku enzi za Wajerumani. TBC wana urithi wa Radio Tanzania.

Ukiandika barua, usiombe "nyimbo za vita za Iringa". Taja kabila kwa tahajia ya zamani bila kiambishi: Hehe, Bena, Nyakyusa, Sangu, Kinga. Taja wilaya kwa jina la wakati ule, kwa mfano Tukuyu ya Wajerumani ni Neu Langenburg. Taja miaka, aina ya chombo, na kwamba ni kwa matumizi ya familia. Ukipata rekodi ya kijiji cha jirani, ipige kwa wazee wa kwenu. Hata kama si ya ukoo wenu, mara nyingi ndiyo inayomfanya mtu aseme "sisi tulikuwa tunauimba hivi". Rekodi hapo hapo, simu iwe imeshawashwa.

Kuhusu ratiba ya siku yenyewe, wengi wamenifuata pembeni: ibada kwanza, kaburini saa tano jua likiwa limepasha matarumbeta, chakula, kisha saa tisa nyimbo za kikosi kwa wazee, wakianzisha wenyewe na vijana wakiitikia. Ligombo au nyimbo za akina bibi ziwe za mwisho, ndani. Sauti zilizorekodiwa za marehemu pigeni moja tu, isizidi dakika nne, na mtangaze kabla. Ikija bila kutangazwa watu wanashtuka badala ya kusikiliza.

#16 FundiKaseti_Mby

Nyongeza kwenye hiyo sauti ya marehemu: isipitishwe kwenye spika kubwa za mziki zenye besi imefunguliwa. Punguza besi, weka spika moja tu, usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa, upande ule marehemu alipozoea kukaa kama ni nyumbani kwake. Jenereta iwe nyuma ya nyumba, mita 30 au zaidi, na faili lijaribiwe kwenye spika hiyo hiyo jana yake, si asubuhi watu wakiwa wameshakaa.

#17 Binti_Ludewa

Na atakayerekodi siku hiyo asimame upande wa waitikiaji, si wa spika. Nakala ya WAV abaki nayo mwenye nyumba kabla wageni hawajaondoka.